Rasi ya Tumaini Jema Husifiwa kwa Yasiyo Yake

Chini ya Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, watu hupanga foleni kupiga picha mbele ya ubao. Ubao wenyewe hausemi uongo: unaitaja sehemu hiyo kuwa ncha ya kusini-magharibi kabisa ya bara la Afrika. Uongo huanza picha zikishapanda mtandaoni. Mmoja anaandika kwamba amefika mwisho wa Afrika, mwingine kwamba amesimama zinapokutana bahari mbili. Hata baadhi ya vitabu tulivyosomea utotoni vilituaminisha hivyohivyo.

Ncha ya kusini kabisa ya bara letu ni Rasi Agulhas, iliyo kilomita 150 hivi upande wa kusini-mashariki. Mpaka rasmi wa Bahari ya Atlantiki na Bahari ya Hindi nao umewekwa huko Agulhas. Kwa hiyo anayesimama Tumaini Jema ana Atlantiki kulia na Atlantiki kushoto. Bahati mbaya ya Agulhas ni kwamba pwani yake ni tambarare, haina jabali la kumtisha mtu, na watu tunapenda mwisho wa bara ufanane na mwisho wa bara.

Niseme msimamo wangu mapema: rasi hii haihitaji sifa za kuazima, na hizo za kuazima ndizo zinazofunika zilizo zake.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo penye chembe ya ukweli. Mkondo wa Agulhas hushuka na maji ya uvuguvugu kutoka upande wa Msumbiji na Madagaska, ukifuata pwani ya mashariki. Upande wa magharibi, Mkondo wa Benguela hupanda kaskazini ukiwa na maji ya baridi, na upepo mkali wa kusini-mashariki unaposukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi, maji baridi zaidi huibuka kutoka kilindini. Maji ya mikondo hiyo hukutana, ila hayana mahali pa kudumu pa kukutania: leo huku, kesho kule, kati ya Agulhas na hapa. Anayeonyesha mstari kwa kidole akisema "ile pale" anaonyesha povu tu. Tofauti yenyewe utaijua ukitia mguu majini, kwani Ghuba ya Uongo iliyo mashariki mwa rasi ina maji yenye joto kuliko upande wa pili. (Ghuba hiyo ilipata jina lake kwa sababu mabaharia waliotoka mashariki walidanganywa na jabali la Hangklip, wakadhani wameshaipita rasi, wakageuka kaskazini kabla ya wakati.)

Kisha mawe. Tabaka la chini ni matale (graniti) ya umri wa miaka milioni 540 hivi. Juu yake yamelala mawe ya mchanga uliogandamana, yaleyale yaliyojenga Mlima Meza ulio juu ya jiji la Cape Town. Ncha iitwayo Cape Point, kama kilomita 2 mashariki ya ule ubao wa picha, ina majabali yanayosimama wima zaidi ya mita 200 juu ya mawimbi. Wageni wengi hudhani ncha hizo mbili ni kitu kimoja.

Mchanga unaotokana na mawe hayo ni maskini, hauna rutuba ya kumfurahisha mkulima yeyote. Hapohapo ndipo ilipostawi fynbos, uoto wa vichaka vya majani magumu ambao ni fahari ya pembe hii ya Afrika. Eneo lote la uoto huo lina aina 9,000 hivi za mimea, na karibu asilimia 70 hazioti kiasili kwingine kokote duniani. UNESCO iliziingiza hifadhi kadhaa za eneo hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004, na hifadhi ya rasi ni sehemu yake. Mimea mingi humo huhitaji moto: mbegu hukaa zikingoja kichaka kiungue ndipo ziote. Anayepita mwaka mmoja baada ya moto akaona majivu na vijiti vyeusi, akasikitika, amesikitika bure.

Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1939, na leo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Meza. Wamo pofu, mbuni na pundamilia wa milimani. Wamo pia nyani ambao maji yakipwa hushuka mwambani kubandua kome na kuwala. Wageni huwajua zaidi kwa wizi wa mikate kwenye magari, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kosa la wenye mikate.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote hapa ni ya mnara wa taa. Ule wa kwanza uliwashwa mwaka 1860, ukiwa umejengwa juu kabisa ya kilele cha Cape Point, mita 238 kutoka usawa wa bahari. Ungedhani ni jambo la busara. Kumbe huko juu mawingu na ukungu huufunika mara kwa mara, na siku za anga safi taa ilionekana mbali mno, meli zikathubutu kuisogelea kupita kiasi. Aprili 1911 meli ya abiria ya Ureno, Lusitania, ilipanda mwamba wa Bellows karibu na rasi (si ile Lusitania ya Waingereza iliyozamishwa mwaka 1915). Ndipo ukajengwa mnara wa pili chini zaidi, mita 87 tu juu ya maji, ukaanza kazi mwaka 1919. Mnara wa zamani bado upo, watalii huupanda kwa ajili ya mandhari. Hata hivyo taa mpya haikuwa dawa ya kila kitu: mwaka 1942 meli ya mizigo ya Marekani, Thomas T. Tucker, ikiwa katika safari yake ya kwanza, ilikwama ndani ya ukungu upande wa magharibi, na mabaki yake yangali ufukweni Olifantsbos.

Sasa historia, na hapa ndipo ninapokuwa na ugomvi. Baharia wa Ureno, Bartolomeu Dias, husifiwa kuwa aliizunguka rasi mwaka 1488. Aliizunguka bila kuiona; tufani ilimpeleka baharini mbali, akaja kuona nchi kavu akiwa ameshaipita, na rasi akaiona wakati wa kurudi. Mwaka 1500 tufani nyingine ilimzamisha katika maji ya huku. Vasco da Gama alipita Novemba 1497, na Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa na Malindi. Yaliyofuata pwani yetu tunayajua.

Ndani ya hifadhi kuna misalaba miwili ya kuwakumbuka Dias na Da Gama. Ina kazi pia: nahodha akiiona imelingana anajua mstari huo unaelekea kwenye mwamba wa Whittle, uliojificha chini ya maji ya ghuba. Siitaki ing'olewe. Ila ningekuwa na uwezo ningesimika nguzo ya tatu, ya Wakhoikhoi, wafugaji waliokuwa wakiishi huku kabla ya tanga lolote la Ulaya kuonekana.

Sababu yangu ni hii. Mreno Francisco de Almeida ndiye aliyeiteka Kilwa mwaka 1505, kisha akaichoma Mombasa. Akawa mtawala wa kwanza wa mfalme wa Ureno huko Uhindi. Mwaka 1510, akiwa njiani kurudi kwao, alitia nanga Ghuba ya Meza, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka rasini leo. Watu wake walikwaruzana na Wakhoikhoi, wakaenda kuvamia kijiji, wakachukua ng'ombe na watoto. Wenyeji waliwafuata hadi ufukweni kwa mawe na mikuki, na wakawatumia ng'ombe wao waliofunzwa kama ngao. Wareno zaidi ya 50 waliuawa, Almeida miongoni mwao.

Mtoto wa shule wa Kilwa au Mombasa hufundishwa mji wake ulivyovamiwa. Ni wangapi waliowahi kuambiwa kwamba aliyeuvamia alikufa mikononi mwa wafugaji wa Kiafrika, miaka 5 baadaye, kusini kule? Mimi niliambiwa habari za Dias na jina zuri la rasi, basi.