Mdogo wangu, chukua Corolla mpya

Mdogo wangu ana pesa ya kununua gari, na safari hii si gari la kubahatisha. Mbele yake kuna Toyota Corolla mpya, volani kushoto, ambayo haijawahi kuwa na mwenyewe. Kwa pesa ileile, au pungufu kidogo, anaweza kupata BMW 328i ya mwaka 2013 au 2014 kutoka Ubelgiji, nyeusi, viti vya ngozi, ile inayowageuza watu shingo ikipita mtaa wa Golf. Rafiki yake naye anamvuta upande wa tatu: Toyota Mark X ya kupitia Dar es Salaam, ambayo nayo ni sedani ya mbio kwa namna yake. Ukoo mzima umeshatoa maoni. Yangu nayaandika kwa urefu kwa sababu najua si yeye peke yake anayepiga hesabu hii hapa Lubumbashi.

Nasema achukue Corolla mpya. Sisemi hivyo kwa ile sababu ya wazee, kwamba gari lenye nguvu linampotezea kijana akili. Mdogo wangu anaendesha vizuri kuliko mimi. Sababu yangu ni kwamba gari la mbio huwa la mbio likiwa katika hali yake kamili. Likishatoka katika hali hiyo, linabaki gari la gharama lenye jina kubwa. Na katika mji wetu, kulirudisha katika hali yake na kulishikilia hapo ni kazi inayouzidi mfuko wa mtu wa mshahara, hata uwe mshahara mzuri.

Nilitendee haki kwanza. Hiyo 328i ina injini ya lita 2 yenye turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), nguvu za farasi 245, gia otomatiki nane, na inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6 hivi. Corolla ya 1.8 ina farasi kama 140 na inahitaji sekunde 10 au zaidi. Tena sisi tuko juu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 hadi 12 ya nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi zake. Turbo huliziba pengo hilo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo tofauti kati ya magari haya mawili ni kubwa zaidi kwetu kuliko ilivyo kwa mtu wa pwani.

Na aliyewahi kufungiwa nyuma ya malori ya shaba kati ya Likasi na Lubumbashi anajua kwamba nguvu si majivuno. Mbele yako lori la mita 20, mbele yake jingine la tangi la asidi, na nafasi ya kupita inafunguka kwa sekunde chache tu. Gari lenye nguvu linapita na kurudi upande wake mapema. Huo ni usalama. Halafu kuna furaha yenyewe, na sioni haya kuitaja: volani inayojibu mara moja, gari lisilolalia upande kwenye kona, injini ikipanda asubuhi ya mwezi wa sita, baridi ya kiangazi ingalipo na barabara haijajaa. Mtu aliyefanya kazi miaka yote hii ana haki ya kuitamani.

Lakini furaha hiyo haitoki kwenye injini peke yake. Sehemu kubwa inatoka chini ya gari: amortisa (shokomzoba), silembloki (bushi za mpira kwenye viungo), rotile (viungo vya duara vya magurudumu), breki, matairi. Ndivyo vitu ambavyo barabara zetu huvila kwanza, na ndivyo ambavyo mnunuzi haviangalii, kwa sababu macho yake yako kwenye ngozi ya viti na kioo cha redio.

Nilikuwa katika garaji moja ya Kamalondo fundi alipokuwa akikagua sehemu ya mbele ya sedani moja ya Kijerumani. Mwenye gari alikuwa amelalamika kwamba volani inatetemeka akishika breki na gari linavuta kushoto. Fundi akaingiza chuma kirefu kati ya mkono wa gurudumu na mwili wa gari, akasukuma kidogo tu, na mkono ukacheza. Silembloki yake ilikuwa ya aina ile yenye mafuta ndani. Mpira umechanika mzunguko mzima, mafuta yamemwagika na kuacha alama nyeusi juu ya alumini, vumbi jekundu limeganda juu yake. “Ona, Papa,” akamwambia, “volani yako inapotelea hapa.” Mzee akauliza bei. Ya asili lazima iagizwe, hadi ifike ni majuma kadhaa. Ya kuigiza ilikuwapo siku hiyohiyo, kwa robo ya bei. Mzee akachagua ya siku hiyohiyo, na nani angemlaumu? Kesho yake alikuwa na kazi.

Sasa chukua uamuzi huo na uurudie kwa amortisa, kwa plaketi za breki, kwa rotile, kwa matairi, kwa miaka kumi, mikononi mwa wenye gari wawili au watatu. Hilo ndilo gari analoletewa mdogo wangu. Kiwanda kilitengeneza gari moja, na linalouzwa ni jingine. Jina la nyuma bado ni lile, farasi 245 bado wamo, ila vile vinavyowashika farasi vimekuwa vya kukisia. Kwenye mvua, kwa kasi ya kilomita 100, ningependa zaidi kuwa ndani ya Corolla ambayo kila kitu chake kimekaza.

Tuje kwenye matairi, maana hapo watu wengi wanapigwa bila kujua. Tairi la Corolla ya kawaida ni 205/55 R16. Maana yake upana ni milimita 205, na ukuta wake ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 113 hivi za mpira na hewa kati ya rimu na shimo. Sedani ya mbio iliyovalishwa rimu kubwa za inchi 19 unaweza kuikuta na tairi la nyuma la 255/35: ukuta ni milimita 89 tu. Barabarani Ulaya hizo milimita zilizopungua ndizo zinazoleta lile jibu kali la volani. Kwetu, kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua ikishaanza, shimo limejaa maji mpaka juu na linafanana na dimbwi la kawaida. Ukiliingia kwa ukuta wa milimita 89, rimu inagonga ukingo wa lami. Rimu ya alumini ikipinda kidogo inapoteza upepo polepole. Ikipasuka, umelala hapo.

Na hiyo 328i mara nyingi ilitoka kiwandani bila tairi la akiba. Badala yake iliwekewa matairi yenye kuta ngumu, yanayoweza kutembea bila upepo kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80. Wazo zuri, kwa nchi ambako kilomita 80 zinakufikisha kwa muuza matairi mwenye saizi yako. Hapa mwenye gari anatafuta aina hiyo, haipati, anavalisha matairi ya kawaida, na tangu siku hiyo anatembea bila kinga yoyote: si ukuta mgumu, si tairi la akiba. Wengine wanachanganya, mbele aina moja, nyuma aina nyingine. Ukienda kuangalia gari lolote lililotumika, inama usome ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2315 maana yake juma la 23 la mwaka 2015. Kashata za tairi zinaweza kuwa nene na mpira ukawa umeshakufa kwa uzee.

Mark X nayo? Ni gari ninalolipenda kulitazama. Toyota waliitengeneza tangu 2004 hadi 2019 kwa ajili ya Japani: V6, gurudumu za nyuma ndizo zinazosukuma, na ile ya lita 2.5 ina farasi zaidi ya 200. Vipuri vyake vinapatikana Dar es Salaam na Lusaka kuliko vya Wajerumani. Ila volani iko kulia, na Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva anakaa upande wa mtaro. Ili aone kilicho mbele ya lori, lazima alitoe gari karibu lote kwenye njia ya wanaokuja. Ile nguvu niliyoisifu, ya kupita haraka na kurudi mapema, inahitaji kwanza macho, na macho yamewekwa upande usiofaa. Ndiyo maana katika magari haya unamsikia abiria wa mbele ndiye anayeendesha: “Nenda! Hapana, ngoja, kuna Fuso!” Kwa mwendo wa kilomita 100 gari linakula mita 28 kila sekunde. Sekunde moja ya “hapana, ngoja” ni mita 28, na mke wa mdogo wangu ndiye atakayekuwa kwenye kiti hicho. Wanaozunguka mjini tu, mtaa wa Kenya hadi katikati ya mji, wanaizoea na sina neno nao. Kwa anayekwenda Kolwezi kila mwezi kama mdogo wangu, nasema hapana. (Na redio ya magari mengi ya Japani ya miaka hiyo inaishia megahezi 90 au karibu na hapo, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hutazipata bila kuongeza kifaa. Jambo dogo, lakini la kila siku.)

Kuhusu esanse (petroli) sitasema mengi. Injini ya turbo yenye kumwaga esanse moja kwa moja ndani ya silinda inataka esanse safi na mafuta ya injini ya aina yake hasa, yabadilishwe kwa wakati. Esanse ya chupa za kando ya barabara haiifai. Tena injini za 328i za miaka ya kwanza zinajulikana kwa reli za plastiki za mnyororo wa taimingi zinazochakaa na kuvunjika. Kuzibadilisha kunataka vifaa maalumu na fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Mafundi wetu ni hodari, nimewaona wakifufua magari ambayo kwingine yangetupwa. Ila uhodari bila skana sahihi na bila vipuri sahihi unaishia kwenye kukisia, na injini hii haisamehe kukisia.

Corolla ina kasoro zake, na asiingie akiwa amefumba macho. Inapoteza thamani siku ileile inapotoka dukani, na hiyo ni pesa halisi. Iko chini, barabara za ndani za Katuba au Ruashi wakati wa mvua haizipendi. Ukiikanyaga kupanda mlima, gia yake isiyo na hatua inaifanya injini ilie kuliko inavyokwenda. Taa na sensa za toleo jipya hazijajaa kwenye meza za wauza vipuri kama zile za Corolla za zamani, na huduma za dukani, ambazo lazima azifuate asipoteze garanti, si za bei ya Kamalondo. Pamoja na hayo, gari linapoanza sifuri mikononi mwako, unajua kila kilichoufikia mwili wake. Na kutulia kwenyewe kuna thamani ambayo vijana hawaihesabu: ukishuka Kolwezi baada ya kilomita zaidi ya 300 za malori, vumbi na vituo vya peaji (ushuru wa barabara), kichwa kiwe bado kinafanya kazi. Aliyechoka anapita lori vibaya, hata akiwa na farasi 245.

Akikataa ushauri wangu na kuitaka ile nyeusi, basi anipe mambo haya. Ubelgiji kuna karatasi iitwayo Car-Pass, iliyopo tangu 2006, inayoonyesha kilomita za gari kila lilipopita garaji au ukaguzi. Muuzaji aionyeshe, akisema imepotea, na yeye apotee. Akiwasha kontakti, taa ya mifuko ya hewa lazima iwake sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameifunga ili kuficha ajali. Gari lipandishwe juu na chuma kiingizwe kwenye kila silembloki, yeye mwenyewe akiwepo. Na asitumie pesa yote kununua: abakize sehemu nzuri kwa ajili ya matairi manne ya aina moja, amortisa, na rimu ndogo zaidi ambazo breki zake zinaruhusu. Bila akiba hiyo asiguse.

Juzi amenipigia simu. Amekubali kwenda kuiona Corolla, ila muuzaji anamwonyesha ile yenye rimu za inchi 18, tairi 225/40, kwa sababu inapendeza zaidi. Nimemwambia aombe ile ya inchi 16, na pesa itakayobaki anunue rimu ya tano iliyo kamili na tairi lake, aitie kwenye buti kabla hajatoka pale.