Nilivyomnadi Mama Mkwe Chini ya Nusu Kaputi

Baiskeli ya Ngamiani haikuulizi unataka kuangukia wapi. Nilipigwa mweleka Barabara ya 12, bega likachomoka, bajaji ikanikimbiza hospitali.

Mtaalamu wa usingizi akauliza nimekula saa ngapi. Tangu jana, nikamwambia. Akafurahi, maana ukitapika umelala chakula kinaweza kuingia mapafuni. Akachoma ketamini kwenye mshipa, huku akinisihi niwaze jambo zuri, kwani dawa hii ina ndoto zake na mtu huweza kuamka nazo.

Balaa likaanzia hapo. Mimi ni mnadi wa samaki pale Deep Sea. Jambo zuri kwangu ni nguru mkubwa na wanunuzi wenye hasira.

Kilichofuata nimekiona kwenye simu ya shemeji. Bega limesharudi, nipo chumba cha kuamkia, macho kodo yanacheza huku na huku, kidole kimebanwa na kipimo cha oksijeni. Mkono mzima nimemwelekezea mama mkwe, aliyesimama na chupa yake ya uji.

“Nguru wa leo huyu! Tazameni mashavu, mekundu bado! Naanza na elfu arobaini!”

“Astaghfirullah,” mama akasema.

Nesi akapunguza taa, akaomba watu wanyamaze. Mtu anayetoka kwenye ketamini hutakiwa utulivu, makelele humzidishia vurugu. Ushauri mzuri, ila hapa ni Tanga. Kitanda cha pili, jamaa mwenye plasta ya mguu akaitika: “Arobaini na tano!”

“Hamsini!” Shemeji huyo, anamnunua mama yake mzazi.

Nikagonga chuma cha kitanda, nikamwachia kwa hamsini, kisha nikatapika.

Nilipozinduka sawasawa, mama mkwe alikuwa kanipa kisogo. Nikamwamkia shikamoo, marahaba ikachelewa sana. Nesi ndiye aliyeniokoa. Alipokuwa akiniruhusu alitangaza mbele ya wote: saa 24 huyu asiendeshe chombo, asisaini karatasi, asifanye biashara yoyote. Kwa hiyo mnada batili, nikadakia.

Kesho yake jioni shemeji akabisha hodi. Saa 24 zimekwisha, anasema, amekuja kuchukua mzigo wake, na hela hana, tuandikiane deni.

Mama mkwe, ambaye hakuwa ametia neno tangu asubuhi, akatua kikombe.

“Na nyie wanangu, nguru mzima kama mimi, elfu hamsini tu?”