IST ya Foo-Wili na Wazee wa Bao

Ukweni kwangu ni Amani, kule juu Usambara Mashariki, na ile barabara ya kutoka Muheza ikipata mvua za masika utelezi wake usiombe. IST yangu, kale kagari ka Toyota, inafika kwenye kona, matairi ya mbele yanazunguka papo hapo, mashemeji wanashuka kusukuma. Halafu mezani, mbele ya mama mkwe: "Hivi gari lako zima kweli, shemeji?"

Fundi wangu wa Ngamiani, Tanga mjini, akanipa dawa. IST zipo zinazovuta mbele tu, na zipo za foo-wili, zinazovuta kwa matairi yote manne. Za cc 1500 mashine ni ile ile, 1NZ. Tutafute ya foo-wili iliyogongwa, tuichinje, viungo vyake vihamie kwangu. Mke wangu akauliza kwa nini nisiuze hili nikanunue hilo lililokwishatoka kiwandani hivyo. Tukamwona hajui magari.

Gia boksi ikashuka, ikapanda nyingine yenye pa kutolea propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu nyuma. Boriti ya nyuma ikang'olewa, ikaja aksili yenye difu, zile gia za kuyagawia matairi ya nyuma nguvu. Propela ikakuta njia yake imekaliwa na tangi la mafuta, basi na tangi likabadilishwa, na ekzosi ikakunjwa upya. Kila kilichoingia kilidai mwenzake, na mwenye kutoa hela nilikuwa mmoja tu.

Siku ya kujaribu, breki za nyuma zilikuwa hazijatolewa upepo na waya za hendibreki zinaning'inia. Fundi akainua mbele kwa ile jeki ndefu ya magurudumu, kama afanyavyo kwa kila IST ya mji huu, akamkalisha spana boi kwenye usukani. "Tia D, kanyaga taratibu."

Matairi ya mbele yakazunguka hewani, safi kabisa. Nyuma kimya. Fundi akaguna. "Mbona nyuma haivuti? Ongeza moto!"

Sasa, njiani kuelekea difu kuna kopo la chuma lenye sahani nyembamba zilizoloa mafuta ya silikoni. Mbele na nyuma zikienda mwendo mmoja, kopo limelala. Mbele ikiteleza peke yake, sahani zinayavuruga yale mafuta, yanapata moto, yanakaza, nguvu inakwenda nyuma. Linachukua muda wake. Kwa matope ya Amani ndilo lenyewe. Ila kopo litajuaje kuwa hapa hakuna matope, kuna jeki?

Likakaza.

Gari likaondoka na jeki yake. Linasukumwa na matairi ya nyuma, pua juu mithili ya mwali aliyekataa posa, vigurudumu vya jeki vinalia kwi-kwi-kwi kwenye saruji. Fundi kashatoka nduki. Spana boi anakata kulia, anakata kushoto, wapi! Matairi ya kukatia kona yako hewani, na mguu wake umegoma kutoka kwenye mafuta.

Mbele yake, kando ya lundo la mchanga wa ujenzi, wazee wanacheza bao.

"Babu, ondokeni! Ondokeni!"

Mmoja, kete mkononi akizigawa shimo hadi shimo, hakuinua hata macho. "Ngojeni, natakata!"

Jeki ikakwama ukingoni mwa saruji, pua ikadondoka puu mchangani. Hapo ndipo foo-wili ilipokamilika: matairi yote manne yakachimba kwa pamoja. Wazee, kofia, birika la kahawa na bao lenyewe, vyote vikaoga mchanga. Ndipo spana boi akakumbuka kuzima.

Fundi akachomoza nyuma ya mwarobaini. "Umeona, bosi? Inavuta."

Kesi ya wazee haikuwa kunusurika. Kesi ilikuwa bao. Yule aliyekuwa akitakata aliapa kwamba alibakiza kidogo tu afunge, na anataka kete zirudi shimo kwa shimo kama zilivyokuwa. Tukapiga magoti, tukachambua mchanga; kete za bao ni 64, na hazikutimia.

Mpinzani wake hakulalamika hata kidogo. Alikung'uta kanzu, akanisogelea, akaninong'oneza: "Mwanangu, mtajaribu tena lini? Huyu jioni huwa ananifunga sana."