Mtoto aliyefiwa haponi kwa fimbo

Msibani hakukosi mtu wa kusema, "Huyu bado mdogo, atasahau." Hakuna kauli ya matangani inayonikera kama hiyo. Mtoto wa miaka minne ana uchungu, ila hana maneno ya kuusema. Basi unatokea mwilini: anagoma kula, anaogopa giza, anamng'ang'ania mama mpaka mlango wa choo. Na godoro linalowa.

Hapo kwenye godoro ndipo tunapomuumiza mara ya pili. Mtoto aliyekaa miezi sita au zaidi bila kulowanisha kitanda, kisha akaanza upya baada ya kufiwa au kuona mama akipigwa, si mkaidi. Anakojoa usingizini, hana habari. Ukimchapa unamwongezea hofu ileile iliyomfikisha hapo, na kesho utaamka ukute shuka limelowa tena. Kumvika shuka shingoni na kumpitisha mtaani ni ukatili, tuuite hivyo.

Kwanza apelekwe zahanati apimwe mkojo, maana UTI, kisukari na hata choo kigumu huleta tatizo hilohilo. Akiwa hana ugonjwa, tandika nailoni chini ya shuka. Maji anywe mchana kama kawaida, yapunguzwe saa mbili za mwisho kabla ya kulala, apitie chooni ndipo apande kitandani. Asubuhi toa shuka kimyakimya, godoro lianikwe wenzake wasipoliona. Kupona kwake hesabu kwa wiki, si siku.

Na aambiwe ukweli. Ukisema "baba amesafiri", atamngoja mlangoni. Ukisema "amelala", ataogopa kulala. Sema baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi. Atauliza tena kesho na keshokutwa; mjibu vilevile. Ndoto za kutisha zikipita mwezi, piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Sawa, wapo waliopitia makubwa wakasimama. Mwanasaikolojia Emmy Werner aliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 kisiwani Kauai, Hawaii, Marekani. Kati ya waliokulia kwenye shida nyingi, kama theluthi moja walikua vizuri. Lakini walikuwa na mtu mzima wa kumtegemea, awe bibi, shangazi au mwalimu. Kwa hiyo ndugu wakikaa kikao baada ya arobaini kugawana watoto, huyu Mwanza, yule Tanga, waulizane kwanza: usiku akishtuka humwita nani? Huyo ndiye akae naye, wengine walete ada na chakula.