Famasia ya homeopathia: mwanafunzi wa tiba kutoka Kusini anapata nini?

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi wa Mtwara na Lindi ambao vijana wao wamesoma Fizikia, Kemia na Biolojia huanza kupiga hesabu za vyuo. Nafasi za udaktari nchini ni chache na ushindani wake ni mkali, hivyo India hutajwa mapema katika mazungumzo ya nyumbani. Mbali na udaktari wa kawaida, India hutoa shahada ya tiba na upasuaji ya homeopathia, maarufu kwa kifupi chake BHMS, ambayo huchukua miaka mitano na nusu, mwaka mmoja kati ya hiyo ukiwa wa mafunzo ya vitendo. Famasia ya homeopathia, yaani elimu ya kutengeneza dawa za tiba hiyo, ambazo huzimuliwa mno, ni miongoni mwa masomo ya mwanzo kabisa katika shahada hiyo. Makala haya yanapima thamani ya somo hilo kwa kijana ambaye, baada ya yote, anatarajiwa kurudi kutibu watu wa Nachingwea, Masasi au Kilwa.

Mwasisi wa homeopathia ni Samuel Hahnemann, daktari wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1755 mjini Meissen. Mwaka 1790, akiwa anatafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen, alikunywa gome la mti wa kwinini akiwa mzima wa afya na akaona dalili alizozifananisha na homa za vipindi, yaani malaria. Kutokana na tukio hilo alijenga kanuni kwamba kinachomletea mtu mzima dalili fulani ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo, akaitangaza mwaka 1796, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon. Tumkumbuke katika wakati wake: madaktari wa enzi hiyo walikuwa wakiwatoa wagonjwa damu kwa mabakuli na kuwanywesha zebaki, na mgonjwa aliyepewa dawa iliyozimuliwa mno alikuwa na bahati kuliko mwenzake aliyekwenda kwa daktari wa kawaida.

Sehemu yenye mvuto zaidi katika somo hili ni kazi ya mikono. Kitu kisichoyeyuka, kama ganda la chaza, husagwa pamoja na sukari ya maziwa katika kinu cha kauri, sehemu moja ya kitu kwa sehemu 99 za sukari. Sukari hugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza huchanganywa na kitu chenyewe, mwanafunzi husaga kwa dakika sita, hukwangua kinu na mchi kwa dakika nne, kisha hurudia vivyo hivyo, ndipo aongeze fungu la pili na hatimaye la tatu. Kwa utaratibu wa Hahnemann, saa nzima huishia hapo, na kilichopatikana ni hatua ya kwanza tu, inayoandikwa 1C. Mimea nayo hulowekwa katika alkoholi ili kupata tinkcha mama, ambayo huzimuliwa kwa uwiano wa moja kwa mia, hatua baada ya hatua, na katika kila hatua chupa hutikiswa kwa kugongeshwa kwenye kitu kigumu chenye kunesa kidogo. Wafuasi wa homeopathia wanaamini kwamba mgongesho huo ndio unaoipa dawa nguvu, na kwamba kadiri inavyozimuliwa ndivyo inavyozidi kuwa kali.

Vitu vinavyosagwa na kulowekwa si vigeni kwetu. Natrum muriaticum ni chumvi ya kula, ileile inayoanikwa katika mashamba ya chumvi ya Lindi. Sepia hutokana na wino wa dome. Na ipo Anacardium occidentale, ambayo ni korosho. Mtu wa Newala au Tandahimba hahitaji mwalimu wa kumweleza tabia ya ganda la korosho: mafuta yaliyo ndani yake yakigusa ngozi huibabua, hutoa malengelenge, na ngozi huambuka, ndiyo maana wabanguaji wa mkono hujipaka majivu au mafuta mengine kabla ya kuanza kazi. Kwa kuwa korosho huleta malengelenge, homeopathia huielekeza kwa magonjwa ya ngozi yenye malengelenge. Kemia hueleza jambo hilo kwa njia nyingine: katika mafuta hayo mna asidi ya anakadiki na kadoli, viambata ambavyo huunguza ngozi na kuamsha mzio kwa kiasi kinachopimika. Kikipungua vya kutosha, ngozi haina cha kujibu.

Wanaolitetea somo hili wana hoja ambazo hazistahili kubezwa. Mwanafunzi hujifunza kutambua mmea kwa jina lake la kisayansi na sehemu inayotumika, kuchagua kiwango cha alkoholi, kupima uzito bila kubahatisha, kuandika lebo sahihi na kuhifadhi dawa mbali na mwanga na harufu. Hujifunza kwamba dawa ina kitabu cha viwango, na India inacho cha kwake kwa ajili ya homeopathia. Hujifunza sheria za dawa. Yeyote aliyewahi kuona dawa zikipangwa ovyo dukani, nyingine zikipigwa na jua la Mtwara mchana kutwa, atakubali kwamba nidhamu ya namna hiyo haijatuzidi. Hoja nyingine ni ya wagonjwa wenyewe: mtaalamu wa homeopathia humsikiliza mgonjwa kwa muda mrefu, akimuuliza usingizi wake, hamu yake ya chakula na hofu zake, jambo ambalo foleni zetu za wagonjwa wa nje haziruhusu.

Hata hivyo, mwanafunzi aliyefundishwa vizuri kuzimua ndiye atakayekuwa wa kwanza kupata mashaka, kwa sababu hesabu ameshikishwa yeye mwenyewe. Gramu 58 na nusu za chumvi safi zina vipande vyake vidogo kabisa ambavyo idadi yake ni kama 6 ikifuatiwa na sifuri 23. Kuzimua moja kwa mia mara 12 ni kugawanya kwa 1 yenye sifuri 24. Kwa hiyo, katika gramu hizohizo 58 na nusu za dawa ya 12C, uwezekano wa kukuta hata kipande kimoja cha chumvi ya awali ni mdogo kuliko kutokikuta. Dawa zinazotumika sana ni za 30C. Ili kutarajia kipande kimoja tu cha chumvi katika 30C, mtu angehitaji kumeza dawa yenye uzito unaozidi wa dunia yetu zaidi ya mara bilioni 10. Wakati huohuo, maji yaliyosafishwa na chupa ya kioo huchangia sodiamu (sehemu ya chumvi) nyingi kuliko hiyo bila mtu yeyote kuikusudia, na hakuna anayedai kwamba sodiamu hiyo nayo inatibu.

Watetezi hujibu kwamba maji hubeba kumbukumbu. Mwaka 1988 Mfaransa Jacques Benveniste alichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyoelekea kuunga mkono dai hilo, lakini jaribio liliporudiwa mbele ya wakaguzi, bila watafiti kujua chupa ipi ina nini, matokeo hayakuonekana. Kwa upande wa wagonjwa, picha haikuwa ya upande mmoja tangu mwanzo. Mwaka 1997 uchambuzi wa majaribio 89, uliochapishwa katika jarida la Lancet, ulionyesha kwamba homeopathia iliishinda plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kitu cha kutibu, kwa jumla, ingawa haukupata ugonjwa hata mmoja ambao ungeweza kusemwa kwa uhakika kuwa inauponya. Mwaka 2005, katika jarida hilohilo, majaribio 110 ya homeopathia yalilinganishwa na 110 ya tiba ya kawaida. Yalipobakizwa makubwa na yenye ubora, faida ya homeopathia ilififia hadi kulingana na plasebo. Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 na mwaka 2015 likahitimisha kwamba hakuna ugonjwa wenye ushahidi wa kuaminika kuwa homeopathia inautibu. Wafuasi walilalamika kwamba tafiti ndogo ziliwekwa kando isivyo haki. Lalamiko hilo linajadilika, lakini tafiti ndogo huwekwa kando hata zinapohusu dawa za kawaida, na kwa sababu ileile.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la kudhani kwamba dawa hizi haziwezi kudhuru. Zile za hatua za chini hubeba kemia halisi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba vidonge vya homeopathia vya watoto wanaoota meno vilikutwa na viwango visivyolingana vya belladona, mmea wenye sumu, na baadhi vilizidi mno kilichoandikwa kwenye lebo. Anayeielewa famasia ya homeopathia anajua kwa nini 2X, iliyozimuliwa moja kwa kumi mara mbili tu, na 30C ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa zaidi ya somo hili kwa daktari au mfamasia wa kawaida.

Kwa mikoa yetu, kipimo kigumu kuliko vyote ni malaria. Kanuni nzima ilizaliwa kutokana na gome la kwinini, na gome hilo kweli linatibu malaria, ila si kwa sababu Hahnemann alitetemeka. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga kwinini yenyewe, na sasa tunajua kwamba huua vimelea vikiwa ndani ya chembe za damu, mradi iwepo ya kutosha. Mama anayetoka Nanguruwe amembeba mtoto mwenye homa ya siku ya pili anahitaji kipimo cha haraka, dawa mseto ikiwa kipimo ni chanya, na rufaa ya haraka mtoto akianza kulegea au kupatwa na degedege. Hana muda wa kuulizwa iwapo homa hupanda jioni au alfajiri ili achaguliwe dawa inayofanana nayo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kutumia homeopathia kwa malaria, kifua kikuu, Virusi vya Ukimwi, mafua makali na kuhara kwa watoto wachanga. Ukiondoa mafua, orodha hiyo inafanana sana na daftari la zahanati yoyote ya vijijini kwetu.

Wengine hutetea homeopathia kwa kuiunganisha na mitishamba, na sheria yetu ya mwaka 2002 imechangia mkanganyiko huo kwa kuziweka tiba asili na tiba mbadala chini ya baraza moja. Lakini mganga wa Ruangwa anayechemsha mizizi anampa mgonjwa kemia, nzuri au mbaya, ambayo maabara inaweza kuitenga na kuipima. Kijana anayependa dawa za miti ya Kusini angefaidika zaidi kusoma famasia au kemia, kisha akaelekea kwenye utafiti wa aina ile unaofanywa na Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili. Kwa wanafunzi wa udaktari na famasia nchini, ningependa famasia ya homeopathia ifundishwe kwa saa chache, pamoja na kinu, mizani na ile hesabu ya sifuri 24, kwa kuwa watakutana na wagonjwa wanaoitumia. Kuigeuza kuwa taaluma ya maisha ni uamuzi mwingine.

Mzazi anayeshawishiwa na ada nafuu au ufadhili aulize jambo moja kabla ya kutuma pesa: mhitimu atasajiliwa na nani? Baraza la Madaktari Tanganyika husajili madaktari wa tiba ya kawaida, ilhali homeopathia huangukia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na usajili wa huko haumpi mtu mamlaka ya kuandika sindano ya artesuneti kwa malaria kali wala kupasua. India yenyewe suala hili halijatulia. Jimbo la Maharashtra lilibadilisha sheria yake mwaka 2014 ili wataalamu wa homeopathia wanaosoma kozi ya mwaka mmoja ya famakolojia ya kisasa waruhusiwe kuandika dawa za kawaida, na chama cha madaktari cha nchi hiyo kikalipinga jambo hilo mahakamani. Ruhusa ya Maharashtra haivuki bahari kuja Mtwara, na waliokuwa wakiitaka ni watu waliokwisha kuisoma famasia ya homeopathia hadi mwisho.