Mawe mawili barabarani: kiangazi cha Lubumbashi na watoto wetu

Tangu shule zilipofungwa tarehe 2 Julai, kartie yetu, yaani mtaa wetu, huku Katuba, Lubumbashi nchini Kongo, ina ugomvi usiokwisha. Kila alasiri watoto husukuma mawe makubwa hadi katikati ya avenyu, moja huku na moja kule, ili gari lisipite. Kisha wanacheza mpira mpaka giza liingie. Wiki iliyopita wazazi tuliitwa kwa shefu wa avenyu tukasomewa pendekezo: mawe yaondolewe, kila mzazi aandikishe watoto wake kwenye masomo ya likizo asubuhi, na mchana mtoto abaki ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ninayemheshimu sana, alilitetea kwa nguvu. Mama mmoja anayeuza makala, yaani mkaa wa kupikia, aliinuka kulipinga, akaambiwa akae kwanza, na zamu yake haikufika. Naandika kwa sababu yake.

Nianze na mwalimu, maana hoja zake ni nzito. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa bure mwaka 2019, madarasa ya shule za serikali yamejaa kiasi kwamba mwalimu hawezi kupitia daftari la kila mtoto. Mtoto aliyemaliza mwaka wa pili akisoma kwa kukwama-kwama, akikaa miezi miwili bila kugusa kitabu, Septemba anaanza upya na silabi. Hilo nimeliona kwa mwanangu mwenyewe, sihitaji kuambiwa. Halafu kuna pikipiki zinazokata kona bila kupiga honi. Kuna vijana wakubwa wanaokaa ukutani na chupa wakati wadogo wanacheza, na mtoto wa miaka 10 anasikia na kuona yote.

Ila hoja yake iliyoninyima usingizi ni ya vumbi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hainyeshi hapa. Udongo mwekundu unageuka unga, na lori moja likipita nguo zilizoanikwa zinarudi kufuliwa. Sisi tunaishi katika mji uliozaliwa na shaba. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu chetu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliopima mkojo wa watu wa Katanga, eneo letu hili. Waliokuwa wakiishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi mno mwilini, hasa watoto. Mtoto anayeanguka mara ishirini katika mchezo mmoja, kisha akashika mkate kwa mikono ile ile, anakula vumbi hilo. Mwalimu alipolisema hili ukumbi ulinyamaza, na mimi nilinyamaza pia.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Ninaloweza kusema ni kwamba vumbi halisimami kwenye mlango wa lupango. Nyua zetu nyingi ni udongo ule ule, zinafagiliwa kila alfajiri, na anayefagia mara nyingi ni mtoto. Kumfungia ndani hakumtoi kwenye vumbi. Kumwagia avenyu maji kabla ya mchezo kunasaidia, na kumnawisha mikono kwa sabuni kabla hajashika chakula kunasaidia zaidi. Sidai kwamba jibu hili linatosha. Lakini kama vumbi ndilo tunaloogopa, basi mkutano ungezungumzia maji na sabuni, na malori yanayokatiza kartie ili kukwepa barabara kubwa. Haukuzungumzia hata kimoja.

Sasa tuhesabu, kwa sababu mwalimu alihesabu. Shule zinafungwa tarehe 2 Julai na kufunguliwa mwanzoni mwa Septemba: ni kama siku 60. Shule ya msingi ni miaka sita. Siku 60 mara sita ni siku 360. Kwa hiyo mtoto anayemaliza mwaka wa sita, ukiweka pembeni Noeli na Pasaka, ameishi karibu mwaka mzima ndani ya likizo za kiangazi peke yake. Mwalimu alitamka hesabu hiyo kwa uchungu: mwaka mzima umepotea. Tangu siku hiyo namba hiyo inanizunguka kichwani, kwa sababu naamini hesabu yake ni sahihi na neno lake, "umepotea", ndilo lenye kasoro.

Mwaka huo wanaufanyia nini? Nilikaa kibarazani siku tatu mfululizo nikiwaangalia. Kwanza wanachanga. Mpira wa dukani unagharimu, kwa hiyo kila avenyu inakusanya faranga kidogo kidogo, mmoja anatunza, na akichelewa kutoa hesabu anaondolewa utunzaji. Mpira ukipasuka kabla mchango haujatosha, wanasokota mwingine kwa mifuko ya plastiki na kamba. Wanagawana timu bila mtu mzima. Wanaamua kama goli limeingia wakati hakuna nguzo wala wavu, hakuna ila mawe na kumbukumbu ya macho, na mabishano hayo yanakwisha ndani ya dakika chache kwa sababu jua linazama na kila mmoja anataka kuendelea. Niliona mtoto wa miaka kama saba akipewa nafasi ya kupiga penalti kwa sababu tu alikuwa amesubiri tangu saa tisa. Mambo haya hayamo katika masomo ya likizo. Hata katika mikutano yetu sisi wakubwa hayamo, kama mama wa makala anavyoweza kushuhudia.

Na wanacheza nani na nani? Nyumba ya kwanza bibi anasema Kibemba, ya pili Kiluba, ya tatu Kisanga, ya nne walitoka Kasai vizazi vitatu vilivyopita. Kati ya mawe yale mawili kuna Kiswahili peke yake. Lugha yetu hii ya Lubumbashi ilikomaa hivyo hivyo. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, ilichukua wafanyakazi kutoka Kasai, Rodezia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Rwanda na Burundi, wakakaa katika kambi nyumba ubavu kwa ubavu, na watoto wao, waliocheza pamoja kati ya mistari ya nyumba zile, ndio waliokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kuzaliwa nayo. Mkoa huu unakumbuka pia miaka ya 1992 na 1993, majirani walipofukuzana kwa sababu ya walikotoka wazazi wao. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wachezaji wawili wa timu yetu ambao asubuhi moja hawakuwepo tena. Ndiyo maana sipendi kusikia mchezo wa pamoja ukiitwa upotevu wa muda. Mtoto aliyefungiwa ndani ya lupango lake anabaki na lugha ya nyumbani kwake na habari za majirani kama zinavyosimuliwa nyumbani kwake.

Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, nayo iko katikati ya siku hizo 60. Asubuhi tunakwenda makaburini na majembe kusafisha makaburi ya wazazi wetu waliotangulia, mchana tunakula na wazazi walio hai. Watoto ndio wanaong'oa majani makavu na kusoma majina kwenye misalaba, wanauliza huyu alikuwa nani, huyu alifia wapi. Hilo nalo ni somo la likizo, na linafundishwa mara moja kwa mwaka.

Nije sasa kwa mama wa makala, kwa jinsi nilivyomsikiliza nje ya lango mkutano ulipokwisha. Ana watoto wanne. Masomo ya likizo yanalipiwa, kila mtoto kwa kichwa chake. Elimu ya bure ya mwaka 2019 inaishia siku shule inapofungwa, na yale masomo mengine yanaanza na mkono wa kupokea pesa. Halafu kuna majira yenyewe. Julai ndiyo kilele cha baridi yetu. Tuko kwenye kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10. Umeme unakatika, kila nyumba inawasha mbabula, jiko la makala, mapema na kuizima kwa kuchelewa. Njia za porini zimekauka, baiskeli na malori ya makala yanafika mjini bila kukwama kwenye matope. Kwa hiyo Julai na Agosti ndiyo miezi yake ya kuuza. Pesa za viatu, za sare na za madaftari ya Septemba zinatoka hapo. Kijana wake wa miaka 11 anamsaidia asubuhi kupima makala kwenye ndoo na kufunga mifuko, binti yake anabaki na wadogo. "Asubuhi ni yangu," aliniambia, "jioni niwaachie wenyewe."

Wapo watakaosema kwamba mtoto hapaswi kufanya kazi. Mimi pia nasema hivyo kuhusu mtoto anayebeba mifuko ya madini, au anayekosa shule kwa ajili ya soko. Mtoto anayemsaidia mama yake saa mbili au tatu wakati shule imefungwa simweki kwenye kapu moja na huyo, na nadhani wengi wetu tulilelewa hivyo. Lakini tazama pendekezo linamfanyia nini mama huyu: linamwondolea msaada wa asubuhi, linamwongezea malipo ya masomo, kisha linachukua ile alasiri ambayo ndiyo kitu pekee ambacho watoto wake wanapata bila kulipa. Na wakiambiwa wabaki ndani ya lupango, ni lupango lipi? Mle ndani kuna familia tatu, bomba moja na magunia ya makala hadi mlangoni.

Hata hivyo upande ninaoutetea nao una doa, na halikutajwa na mtu. Siku zile tatu nilizokaa kibarazani, wasichana niliowaona kati ya mawe walikuwa wachache sana. Walipita na madumu ya maji, walikaa wakiosha sufuria, wachache walicheza nzango, mchezo wa wasichana wa kuruka na kupiga makofi, pembeni kwenye kipande chembamba cha kivuli. Tukisema barabara ni ya watoto, tuseme watoto wote. Timu ya wanawake ya TP Mazembe, klabu ya mpira ya mji wetu, ilichukua ubingwa wa Afrika mwaka 2024, hapa hapa mjini kwetu watu wakashangilia. Basi binti wa muuza makala naye apate saa yake, na kaka yake ashike dumu saa hiyo.

Kuhusu urefu wa likizo yenyewe, mwalimu anaweza kuwa na haki kuliko anavyojua. Kalenda yetu inafanana na ya Ubelgiji iliyotutawala zamani, ambako Julai na Agosti ni miezi ya jua na joto. Kwetu ni miezi ya baridi. Joto kali linakuja Septemba mwishoni na Oktoba, mijakaranda inapochanua, wakati watoto wamerudi kubanana chini ya mabati yanayowaka. Wabelgiji wanaosema Kifaransa wenyewe walipunguza likizo yao kubwa kuwa wiki 7 mwaka 2022. Kama wiki tisa ni nyingi, wizara izipunguze kwa watoto wote, katika shule ile ile isiyolipiwa. Ninachokataa ni kuzipunguza kwa mlango wa nyuma, kwa anayeweza kulipa tu, na asiyeweza abaki akitazama avenyu tupu kupitia tundu la uzio.

Maana tukiondoa mawe, avenyu haitageuka darasa. Itakuwa njia ya magari basi, na madereva waliokuwa wakizunguka watapita katikati kwa mwendo wanaoutaka.

Nimempelekea shefu maoni yangu kwa maandishi. Mawe yawekwe kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro robo, jua kabla halijazama. Yasiwekwe kwenye avenyu ya lami, ila kwenye yetu ya udongo ambayo ina njia ya kuzungukia. Mtu mzima mmoja wa zamu akae kibarazani, na yeye ndiye ayaondoe mara moja likija gari lenye mgonjwa au lenye msiba. Kila nyumba itoe ndoo moja ya maji ya kumwagia vumbi. Siku mbili kwa wiki uwanja uwe wa wasichana kwanza. Na mwalimu wetu, ambaye ana vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika kartie hii, nimemwomba afungue kibaraza chake saa moja kabla ya mchezo kwa yeyote anayetaka kusoma, bure. Hajakubali bado, wala hajakataa.

Tunakutana tena Jumamosi, kabla ya tarehe 1 Agosti. Kuna jambo moja zaidi nililomwomba shefu: mama wa makala aanze kuzungumza, na asikatwe maneno mpaka amalize.