Aliyekonyeza Ni Gari, Si Mimi

Haya, tulieni. Najua kilichowafikia. Swahiba wangu, yule yule ambaye mambo yalipochacha alijikunja chini ya dashibodi akicheka mpaka machozi, ameshawatumia kila mtu kipande cha video chenye maneno "jamaa anamkonyeza mke wa mtu mchana kweupe". Uongo mtupu. Kwanza haukuwa mchana, jua lilikuwa linazama. Pili, sikukonyeza mimi. Lililokonyeza ni gari. Jicho la kushoto.

Kwa msiolijua, ni kile kikuukuu changu cha milango miwili, chenye taa zinazolala ndani ya boneti na kuinuka ukiziwasha. Kampuni siitaji, maana waliolitengeneza hawana hatia. Wao walimaliza kazi yao vizuri zamani sana. Balaa la jana lina mwenyewe, na nitamfikia.

Ila lazima niwaambie kuhusu hizo taa, kwa sababu ndizo zilizoniroga. Mambo haya yalianza na Cord 810 ya Marekani, modeli ya 1936, ambayo dereva alizipandisha taa kwa kuzungusha mikono ya chuma kwenye dashibodi, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Opel GT ya 1968 ilikuwa na wenzo: unavuta kwa nguvu, taa zinapinduka. Baadaye mota za umeme zikachukua kazi, tukapata Toyota Trueno AE86, Porsche 944, Mazda MX-5 ya 1989, magari ambayo ukiyatazama usoni unaona kabisa kwamba yana tabia zao. Mwaka 2004 Lotus Esprit na Chevrolet Corvette C5 zikatoka kiwandani kwa mara ya mwisho, na taa za namna hiyo zikaondoka nazo. Wakubwa walitaka pua ya gari isiwe na kitu cha kumchoma mtembea kwa miguu, na taa zenyewe zilikuwa zimeshakuwa ndogo kiasi cha kukaa popote. Mtu mwenye akili timamu akisoma habari hizo anasema "aah, kumbe", anaenda kulala. Mimi nilikesha natafuta la bei nafuu.

Na msiseme nilinunua kichwa kichwa. Nilikagua! Nilikwenda na sumaku nimeifunga kitambaa, nikaipitisha chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, kwa sababu palipojazwa puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, sumaku haishiki. Nikainua mazulia kutafuta maji. Nikafungua kifuniko cha oili kuangalia ule ute mweupe unaokuambia kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa na maji yanaogelea kwenye oili. Nilisisitiza liwashwe likiwa baridi, maana muuzaji anayekuwashia gari kabla hujafika ana jambo. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokoma ni maji ya rejeta, mweusi ni petroli nyingi mno. Hili halikutoa hata mmoja. Matairi nikasoma zile tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka: 3109. Wiki ya 31, mwaka 2009. Nikamwonyesha muuzaji kwa kidole, bila kusema neno, akashusha bei mwenyewe.

Kutu ndiyo inayoua magari haya. Injini utapata nyingine, gia utapata nyingine, lakini chasisi ikioza imeoza. Na kutu haikuwepo. Nikalipa nikijiona profesa.

Tatizo ni kwamba sumaku haisemi chochote kuhusu mikono iliyopita humo ndani. Mwenye gari aliyenitangulia alikuwa fundi wa kujifundisha, mwenye ari kubwa na tepu nyingi. Aling'oa usukani wa asili akafunga wa mbao, mzuri, unang'aa, kila mtu anausifia. Waya wa honi akauunga kwa kusokota ncha kwa vidole na kuvilingisha tepu. Sasa sikilizeni, hapa ndipo pa maana: kwenye magari mengi kitufe cha honi hakipeleki umeme, kinagusisha waya na bodi tu, honi inalia. Kwa hiyo waya ule ukichunika popote ukagusa chuma, honi haijali kama umebonyeza au hukubonyeza. Na tepu ya miaka mingi inakuwa gundi tupu.

Kisha kuna mlango wangu. Kitasa cha ndani kilishakatika zamani, kwa hiyo ukitaka kushuka unashusha kioo, unatoa mkono nje, unafungua kwa nje kama mwizi wa gari lako mwenyewe. Na ule mkono wa kuzungushia kioo umepoteza klipu yake, unakaa kwa heshima tu. Ukiuzungusha kwa upole unatii. Ukiwa na haraka, unabaki nao mkononi. Nimeyaeleza haya mapema ili mkifika mbele msiniulize "kwa nini hukushuka tu?" Nawajua.

Jana jioni basi. Tumeegesha, pua kwa pua na gari jipya, safi, lile ambalo hata ukilipita kwa mbali unajipukuta vumbi. Ndani yake kiti cha abiria amekaa dada mmoja, peke yake, anasoma simu. Mwanga unapungua. Nikawasha injini. Nikawasha taa.

Zikapanda zote mbili. Safi kabisa.

Ya kushoto ikashuka.

Ikapanda tena. Ikashuka.

Kwa faida ya wanaopenda kujua: kila taa ina mota yake. Ikizunguka nusu duara taa inapanda, nusu nyingine inashuka, na kuna kigusio kinachokata umeme ikifika juu au chini. Kigusio kikichoka kisikate, mota inaendelea kuzunguka tu, haijui imefika. Ndicho kilichokuwa kinatokea. Dada wa watu hakuwa na maelezo haya.

Aliinua macho. Taa ya kulia ilikuwa imetulia, inamtazama. Ya kushoto inafumba, inafumbua. Na mota ya umri ule haina papara. Mtu akikukonyeza haraka haraka unaweza kumsingizia vumbi. Hili lilikuwa linakonyeza taratibu, kwa nia, linakwenda mpaka mwisho wa kope na kurudi.

Nikasema ngoja niondoke kabla halijawa jambo. Nikakata usukani kulia.

Pii!

Nikaurudisha kushoto.

Pii!

Sasa likawa linakonyeza na kuita. "Anakutazama," swahiba akaninong'oneza, kana kwamba sina macho. Nami nikafanya ambalo yeyote aliyelelewa angefanya: nikatabasamu, nikapunga mkono kuomba radhi. Video inaanzia hapo. Hapo hasa! Sekunde zote za mwanzo, zinazoonyesha mtu asiye na hatia akihangaika na swichi, hakuzirekodi. Amekuja kuanza kwenye tabasamu.

Injini nayo, kwa kuona aibu au sijui nini, ikazima.

Na hapo ndipo mume alipotokea.

Ana mifuko mikono yote miwili. Akasimama. Akalitazama gari langu. Likakonyeza. Akageuka kumtazama mkewe. Akarudi kunitazama mimi, na mimi tabasamu bado ninalo, limeganda, sikupata nafasi ya kulitoa. Nimelitazama kwenye video mara nyingi tangu jana, na ningekuwa mimi ndiye mume, ningekuja pia.

Nikazima taa kwenye swichi yake. Likakonyeza. Nikazungusha ufunguo nikauchomoa kabisa, nikauinua juu ili mzee auone, kwamba tazama, nimezima, sina nia mbaya. Likakonyeza. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mota hizi zinachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ili taa ziweze kulala hata gari likishazimwa. Ni wazo zuri sana la kihandisi. Halikunisaidia.

Akaweka mifuko chini.

Mtu akiweka mifuko chini, wenzangu, hana mpango wa kuzungumza.

Mimi kwa kujishika nikaegemea usukani. Ukasogea kidogo, ukasema "tak". Mnaoyajua magari mshaelewa. Ukichomoa ufunguo halafu ukausogeza usukani, kufuli la kuzuia wizi linauma, hausogei tena. Na katika duara zima la usukani ule, lilichagua kuuma pale pale ambapo waya wa honi unagusa chuma.

Piiiiiiiiiiiiiii.

Haikuwa tena pii ya kuita. Hii ilikuwa ya harusi. Watu wakatoka dukani. Mtoto mmoja akaanza kucheza. Kuufungua usukani ni lazima urudishe ufunguo, na ufunguo wenyewe mikono inatetemeka unagonga kila mahali isipokuwa tundu lake. Ukaniponyoka, ukaingia kati ya kiti na reli yake, mahali ambapo hakuna kilichowahi kuingia kikarudi.

Mume yuko hatua chache. Nikasema nishushe kioo nimwombe radhi kwa mdomo. Nikaushika ule mkono wa kioo. Nawaambia ukweli, niliuzungusha bila upole.

Basi jipigieni picha alichokiona mzee wa watu kupitia kioo kilichofungwa: gari linapiga honi bila kupumua, linamkonyeza mkewe, na ndani yake kuna mwanamume mwenye jasho, anatabasamu, ameinua chuma. Nilikuwa namwonyesha kwamba umechomoka! "Umechomoka!" nilimwambia, kwa sauti, na kwa ile honi hakusikia ila aliona mdomo. Sijui alidhani nimesema nini. Alirudi hatua moja, akazunguka kuja mbele ya boneti ili anione vizuri.

Akasimama mbele ya taa ya kushoto.

Ikamkonyeza na yeye.

Swahiba wakati huo ameshateleza yuko miguuni kwake, simu ameiinua juu kwa mkono mmoja kama mpiga habari kwenye handaki, analia kwa kucheka. Mlango wake ulikuwa mzima! Kitasa kinafanya kazi, kioo kinashuka, kila kitu. Angeweza kutoka akasema maneno mawili, "samahani, limeharibika", tukaenda zetu. Nimemuuliza leo asubuhi kwa nini hakutoka. Amesema hakutaka kuharibu video.

Aliyeniokoa ni huyo huyo dada. Alishuka, akampita mumewe bila kusema kitu, akainama kuitazama taa, kisha akanionyesha ishara ya kuvuta boneti. Nikavuta. Ile ilikubali, asante Mungu. Akaizuia boneti kwa fimbo yake, akashika teminali ya betri, ambayo kusema kweli sijawahi kuikaza vizuri, akaichomoa kwa mkono mtupu. Kimya. Masikio yangu yaliendelea kulia peke yake.

Jicho likabaki nusu.

Yaliyofuata ni marefu bila sababu, nitayakatiza. Kumbe aliwahi kuwa na la taa hizi hizi kabla hajaolewa. Akanifokea kidogo: "Kaka, si ungeng'oa fyuzi ya mota? Halafu pale juu ya mota pana kifundo, ukikizungusha kwa mkono taa inalala yenyewe. Fyuzi kwanza, lakini, usije ukakatwa vidole." Mume akanifungulia mlango kwa nje. Tukapeana mikono, yake ikiwa imebana kidogo kuliko ilivyohitajika. Alipoona mkewe ameomba akae kwenye usukani na kuuliza kama nitaliuza, akaokota mifuko akasema wanachelewa. Ufunguo nikaupata kwa waya wa kutundikia nguo. Tukarudi usiku na taa moja na nusu, mimi sisemi, mwenzangu anachagua wimbo wa kuweka kwenye video.

Leo nimeshinda chini ya dashibodi. Tepu yote nimeitoa, waya wa honi nimeulehemu kwa risasi na kuuvalisha mpira, usukani wa mbao umebaki kwa sababu ni mzuri, mniache. Kilichobaki ni mota ya kushoto, ile sahani ya kigusio imelika haina la kufanya. Ninazo mota za akiba mbili, zote za kulia. Nilizinunua kabla sijajua ni ipi itakufa, na haziingiliani. Mwenye ya kushoto aniandikie, hata ikiwa na kutu nitaisafisha.

Na wewe unayenitumia picha za magari mapya tangu asubuhi, nimeziona. Hayo hayajui hata kufumba jicho. Peleka kwingine.